Swali la Mtoto Lisidharauliwe: Vijana Wetu na Mashindano ya Sayansi ya Kanda

Kila mwaka, hasa katika miezi ya Februari na Machi, kumbi za vyuo vikuu na za skuli za sekondari katika majimbo mengi ya Marekani hupangwa meza safu kwa safu. Juu ya kila meza husimamishwa ubao wenye maandishi, michoro na majedwali, na kando ya kila ubao husimama kijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na minane, amevaa nguo zake za heshima, akimngoja mtu asiyemjua aje kumwuliza maswali. Mtu huyo huenda akawa mwalimu wa chuo kikuu, mhandisi, daktari au mkemia aliyejitolea siku yake. Aghalabu wazazi na walimu hutakiwa kukaa nje wakati huo. Kijana hubaki na daftari lake, ubao wake na ulimi wake. Hayo ndiyo mashindano ya sayansi ya kanda.

Wazazi wengi wa jamii yetu wamekwisha kupokea karatasi ya skuli inayohusu mashindano haya. Mara nyingi karatasi hiyo hutiwa saini usiku, baada ya zamu ya kazi, bila ya kusomwa. Au hubaki katika mkoba wa mtoto mpaka siku zake zikapita. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya karatasi ile. Nakusudia kueleza mashindano ni kitu gani, yanampima mtoto kwa mizani gani, na kwa nini mtoto aliyelelewa katika nyumba zetu anaweza kusimama katika ukumbi ule bila ya kuona haya, maadamu sisi wenyewe hatukulizima swali lake kabla halijatoka mlangoni.

MASHINDANO YENYEWE

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1921 ilianzishwa Marekani taasisi iitwayo Science Service, kwa madhumuni ya kuwafikishia raia wa kawaida habari za sayansi kwa lugha wanayoifahamu. Taasisi hiyo, ambayo leo inaitwa Society for Science, ilianza mwaka 1942 kuwatafuta wanafunzi wa sekondari wenye kipawa cha utafiti. Mwaka 1950 iliwakusanya mjini Philadelphia washindi wa maonyesho ya sehemu mbalimbali katika maonyesho ya kwanza ya taifa, na mwaka 1958 nchi nyingine zikaingia, yakawa ya kimataifa. Sasa yanajulikana kwa jina la International Science and Engineering Fair, kwa ufupi ISEF, na hufanyika mwezi wa Mei. Yale ya mwaka 2025 yalifanyika Columbus, Ohio, yakahudhuriwa na vijana zaidi ya 1,600 kutoka nchi zaidi ya 60.

Haiwezekani mtoto kuingia ISEF kwa kupeleka maombi peke yake. Ni sharti ashinde kwanza katika maonyesho yaliyosajiliwa, na kwa walio wengi mlango huo ni mashindano ya kanda. Kila kanda ina nafasi chache tu za kupeleka vijana mbele. Lakini hata asiyepelekwa mbele hurudi na kitu: amezungumza na wataalamu juu ya kazi ya mikono yake, na ana jambo la kweli la kuandika siku atakapoomba nafasi ya chuo kikuu.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu peke yao. Nchini Kenya wanafunzi hupanda ngazi ya namna hiyo hiyo, kutoka skuli hadi kaunti, kutoka kaunti hadi kanda, na kutoka kanda hadi taifa. Mwaka 2019 wanafunzi wa Keriko, skuli ya kutwa ya kijijini katika kaunti ya Nakuru iliyokuwa na kompyuta moja tu, walifuzu kushiriki ISEF iliyofanyika Arizona, na mwalimu wao Peter Tabichi akapewa mwaka huo huo tuzo ya dunia ya ualimu. Tanzania nayo ina Young Scientists Tanzania, iliyofanya maonyesho yake ya kwanza ya taifa mwaka 2012. Ikiwa skuli yenye kompyuta moja imefika, mtoto wetu anayepita maktaba ya umma kila siku akienda skuli hana sababu ya kujidharau.

MIZANI YA WAAMUZI

Watu wengi hudhani kwamba anayeshinda ni mwenye chombo cha ghali au ubao wa kupendeza. Hebu tutazame alama zinavyogawanywa. Katika kanuni za ISEF, ambazo kanda nyingi huzifuata, alama ni 100. Swali la utafiti lina alama 10. Mpango na njia ya kulichunguza swali vina 15. Utekelezaji, yaani kukusanya data na kuichambua, una 20. Ubunifu una 20. Alama 35 zilizobaki ni za maelezo, na katika hizo ubao una 10 tu, ilhali mahojiano ya ana kwa ana yana 25.

Mzazi na autafakari mgawanyo huo. Ubao uliopambwa kwa karatasi za rangi hauzidi sehemu moja ya kumi. Robo nzima ya alama imo kinywani mwa mtoto. Mwamuzi humwuliza: Kwa nini ulipima mara tano, hukutosheka na mara moja? Kipimo chako kinaweza kukosea kwa kiasi gani? Ni sehemu ipi uliyosaidiwa, na ni nani aliyekusaidia? Ungepewa mwaka mwingine ungefanya nini? Mtoto aliyefanya kazi mwenyewe huyajibu maswali haya kwa furaha, hata kama Kiingereza chake kina lafudhi ya Mombasa au ya Unguja. Mtoto aliyefanyiwa kazi hujulikana baada ya swali la pili.

Kwa sababu hiyo, ile volkano ya udongo inayotoa povu kwa siki na magadi, inayopendwa katika skuli za msingi, haimfikishi mtoto mbali katika mashindano ya sekondari. Volkano ile huonyesha jambo linalojulikana. Utafiti wa asili huuliza jambo ambalo mtoto mwenyewe halijui, na ikiwezekana hata mwamuzi halijui.

KIJANA WA MAGAMBA

Kuhusu thamani ya swali la mwanafunzi, sisi tunaosema Kiswahili tuna mfano wetu, na inasikitisha kwamba watoto wengi waliozaliwa ughaibuni hawajapata kuusikia.

Mwaka 1963, katika skuli ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi ndani ya jokofu, Mpemba aliyatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi akakuta yake yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alipofika skuli ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii alijibiwa kwa kejeli, na ikawa kila kosa linalofanyika darasani hupachikwa jina lake. Hata hivyo hakuliacha swali. Alichukua vyombo viwili vya maabara akajaribu kwa maji. Kisha akaja skulini hapo Dkt. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akamwuliza kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji ya vuguvugu. Wenzake wakacheka. Osborne, ingawa moyoni alidhani kijana amekosea, hakucheka. Alisema kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli; akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha kazi yao katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya sababu yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu mkubwa, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kipimajoto kikisogea hata sentimita moja kinaweza kudanganya. Wengine hawakubaliani nao. Swali la mwanafunzi wa Lushoto bado linawakesha wataalamu zaidi ya miaka sitini baadaye.

Nauleta mfano huu kwa mambo matatu. Swali lilitoka jikoni, halikutoka kitabuni. Mwenye swali hakulumbana kwa maneno matupu, alirudi kupima. Na katika watu wazima wote waliolisikia, alipatikana mmoja tu ambaye hakucheka, naye alitosha. Sisi hupenda kuwasimulia watoto wetu habari za Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefanya majaribio ya mwanga miaka elfu moja iliyopita, na ni haki yetu kujivunia. Lakini fahari hiyo haina maana ikiwa mtoto anayetaka kujaribu jambo nyumbani leo huambiwa anyamaze, asituharibie vitu.

CHETEZO CHA MAMA

Huenda msomaji akauliza: mtoto wangu atapata wapi swali? Tuchukue mfano wa kitu ambacho hakikosekani katika nyumba zetu, nacho ni chetezo.

Tuseme kuna binti wa miaka kumi na sita anayeishi Minneapolis, mji ambao baridi yake huwalazimisha watu kufunga madirisha miezi mingi. Kila Ijumaa mama yake hufukiza udi. Binti amegundua kwamba ndugu yake mdogo, mwenye pumu, hukohoa baadaye. Anamwendea mama yake na kusema, “Mama, nataka kupima moshi wa udi wetu kwa ajili ya utafiti wa skuli.”

Mama anaweza kusema, “Udi tumeurithi kwa mabibi zetu, wewe na skuli yako mnataka kuutia ila?” Hapo mazungumzo yamekwisha, na mtoto ataokota swali la mtu mwingine. Lakini mama anaweza pia kusema, “Haya, mwanangu. Utaupima vipi?” Neno hilo dogo, vipi, ndilo linaloanza utafiti.

Kwanza swali lazima lipunguzwe mpaka lipimike. “Je, udi ni mbaya?” si swali la kisayansi, kwa kuwa halina kipimo. Swali linalopimika ni kama hili: katika chumba kilichofungwa, gramu mbili za udi huongeza kwa kiasi gani chembe ndogo za moshi hewani, na dirisha likifunguliwa kwa upana wa shubiri moja, hewa hurudi katika hali yake baada ya dakika ngapi? Chembe zinazohusika ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ndogo kuliko unene wa unywele mara ishirini na zaidi, ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilipendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Vipo vipimahewa vidogo vinavyotumia mwanga wa leza kuzihesabu, na baadhi ya maktaba za umma huviazimisha.

Pili, lazima kuwe na kipimo cha kulinganishia. Binti atapima chumba kikiwa kitupu kabla ya kuwasha kitu chochote. Kisha atapima mkaa peke yake bila ya udi, kisha mkaa pamoja na udi, kisha udi ule ule katika chetezo cha umeme kisichotumia mkaa. Hapo litazuka swali ambalo pengine hakuna mtu mzima nyumbani aliyepata kulifikiria: moshi ule unaotukohoza ni wa udi, au ni wa mkaa? Na kwa vile mkaa unaowaka hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kazi hii haifanywi bila ya mtu mzima kuwapo na king’ora cha gesi hiyo kuwa kinafanya kazi. Mdogo mwenye pumu naye asiwepo karibu. Chumba ndicho kinachopimwa, mtoto yule hajaribiwi.

Tatu, kila kipimo kirudiwe, mara tano au zaidi, kwa uzito ule ule, mahali pale pale, na yote yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na saa. Ikiwa mama alikaanga sambusa jikoni siku hiyo, iandikwe, kwa sababu mafuta ya kukaangia nayo hupandisha kipimo. Ikiwa kipimahewa cha bei nafuu huyumba hewa inapokuwa na unyevu mwingi, nalo liandikwe, na mwamuzi aambiwe waziwazi. Mwamuzi humheshimu kijana anayezijua kasoro za chombo chake.

Je, utafiti kama huo utawavunjia heshima mabibi zetu? La. Kipimo hakitoi hukumu juu ya mila. Kitakachopatikana ni kujua dirisha lifunguliwe kwa muda gani na mkaa wa namna gani uachwe, na maarifa hayo yatazifaa nyumba zetu zote zenye watoto wa pumu. Huyo ni binti ambaye mwamuzi atasimama mezani kwake kwa muda mrefu, kwani anamweleza jambo ambalo yeye hakulijua, kutoka nyumba ambayo hajapata kuingia.

Mifano ni mingi. Kijana anayependa kompyuta anaweza kuchunguza iwapo programu zinazogeuza sauti kuwa maandishi hukosea zaidi zinaposikia Kimvita kuliko Kiunguja. Anayependa kemia anaweza kuuliza maharage yakilowekwa kwa saa nyingi yanapunguza moto wa kupikia kwa kiasi gani. Utajiri wa mtoto wetu ni kwamba anaishi katika nyumba mbili za dunia kwa wakati mmoja, na huona mambo ambayo jirani yake hayaoni.

KARATASI NA SAINI

Sasa tufike kwenye jambo linalowaondoa vijana wengi mashindanoni kabla ya kuanza. Zipo kazi ambazo haziruhusiwi kuanzwa mpaka zipate idhini ya maandishi kwanza. Miongoni mwake ni utafiti unaohusu watu, hata ukiwa wa kuuliza maswali kwa karatasi tu. Unaohusu wanyama wenye uti wa mgongo. Na unaohusu vijidudu vinavyoweza kuleta maradhi.

Tuseme kijana anataka kujua iwapo saumu hubadilisha kumbukumbu ya wanafunzi wenzake madrasani. Ni swali zuri. Lakini hana ruhusa ya kumpima hata mmoja mpaka mpango wake upitiwe na kamati ya skuli, ambayo ndani yake huwamo mwalimu, mkuu wa skuli au mwakilishi wake, na mtu wa taaluma ya afya. Kisha, kwa kawaida, washiriki watatakiwa kuridhia kwa maandishi, na walio chini ya umri, wazazi wao pia. Akianza kabla ya idhini, kazi yake yote hukataliwa, hata iwe nzuri namna gani, na hakuna saini ya nyuma inayoweza kuiokoa. Hali kadhalika, kuotesha vijidudu nyumbani kumepigwa marufuku. Mtoto anayetaka kujua kitambaa cha jikoni kina vijidudu vingapi lazima avioteshe katika maabara inayokubalika, kama ile ya skuli, chini ya msimamizi.

Najua kwamba wengi wetu tumejifunza kuziogopa karatasi. Tuliopita katika ofisi za uhamiaji tunajua saini moja inavyoweza kumgharimu mtu. Lakini karatasi hizi ni za namna nyingine. Zimewekwa kumlinda mtoto na kuwalinda watu anaowapima. Mzazi asiyesoma Kiingereza amwambie mtoto amfasirie mstari kwa mstari, au amwendee mtu anayemwamini. Akitia saini, ajue ametia saini ya nini, na aangalie tarehe: idhini hutangulia, kipimo hufuata.

AMANA YA DAFTARI

Kanuni za mashindano zinasema wazi kwamba kubuni data, kunakili kazi ya mtu bila ya kusema, na kuwasilisha kazi ya mwingine kama yako ni udanganyifu, na mwenye kufanya hivyo huondolewa. Haya tunayafahamu tangu chuoni: daftari la vipimo ni amana. Nambari iliyoandikwa Jumanne haibadilishwi Jumatano kwa sababu imeharibu mstari mzuri wa mchoro.

Mtihani wa amana hii huja pale matokeo yanapokwenda kinyume na matarajio. Mtoto amepima miezi mitatu, na tofauti aliyoitegemea haikuonekana. Wapo wazazi ambao hapo humwambia mtoto arekebishe kidogo, asije akaaibika. Tusifanye hivyo. Matokeo yasemayo hakuna tofauti ni matokeo kamili, na mwamuzi mwenye elimu hayapunguzii alama. Kumbuka yule fundi wa Dar es Salaam aliyetaka kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Tunacheka tukisimulia, lakini hapo ndipo penye hatari: kuliamua jibu kwanza, kisha kuvilazimisha vipimo vilifuate. Siku hizi zipo pia programu za kompyuta zinazoweza kumwandikia mtoto ripoti nzima kwa Kiingereza safi. Hazitasimama badala yake kujibu maswali, na alama 25 za mahojiano zitamwumbua.

Ukweli mwingine nao usifichwe. Uwanja huu hauko sawa kwa wote. Wapo vijana ambao wazazi wao ni maprofesa, wanaofanya utafiti katika maabara za vyuo vikuu zenye mashine za thamani kubwa, wakati watoto wetu hufanya kazi zao juu ya meza ya kulia, na baba yuko zamu ya usiku. Kanuni hujaribu kupunguza tofauti hiyo: anayefanya kazi maabara lazima alete maelezo ya msimamizi yanayotaja mtoto alifanya nini hasa na alisaidiwa nini. Lakini tofauti haiondoki yote. Dawa yake kwetu ni mbili. Ya kwanza ni swali lililotoka nyumbani, ambalo mwenye maabara hakuwaza kuliuliza. Ya pili ni kuomba. Mwalimu wa sayansi wa skuli anaweza kuwa msimamizi. Na kijana akimwandikia mwalimu wa chuo kikuu barua fupi yenye swali lake na mpango wake, pengine atajibiwa. Asipojibiwa na wa kwanza, amwandikie wa pili.

JUMAMOSI, RAMADHANI NA MABINTI

Mashindano mengi huangukia Jumamosi, siku ambayo watoto wetu huwa madrasani. Jambo hili humalizwa kwa mazungumzo. Mzazi amwombe maalimu ruhusa mapema, na ningewasihi maalimu wetu waitoe kwa moyo mkunjufu, tena wamwalike mtoto baadaye awaeleze wenzake alichokipata.

Ramadhani nayo husogea mwaka hadi mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, katika msimu wenyewe wa mashindano, na ya mwaka 2026 iliangukia Februari na Machi. Kijana aliyefunga na kusimama saa nyingi akijibu maswali anahitaji kupangiwa. Waandalizi waandikiwe wiki kadhaa kabla, waombwe pahala pa kuswali na kiti cha kukalia baina ya mwamuzi na mwamuzi. Ombi la mapema hushughulikiwa kwa utulivu kuliko ombi la mlangoni.

Kuhusu mabinti, nasema kwa ufupi. Katika miaka yangu ya kufundisha sikuona kwamba udadisi uligawiwa wavulana zaidi. Nilichokiona ni kwamba mvulana akichelewa skuli kwa ajili ya jaribio huitwa mwenye bidii, na msichana huulizwa alikuwa wapi. Ikiwa wasiwasi ni safari, mzazi afuatane naye. Ikiwa ni vazi, hakuna kanuni ya mashindano inayomzuia binti mwenye hijabu kueleza kazi yake.

LA KUFANYA MWEZI HUU

Kazi ya mashindano ya Machi huanza Septemba na Oktoba. Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto wa sekondari amnunulie daftari moja la kurasa zilizofungwa imara, asimnunulie kitu kingine kwa sasa. Amwambie aandike humo, kila siku kwa muda wa wiki mbili, swali moja juu ya jambo aliloliona nyumbani, njiani au dukani, ambalo hajui jibu lake. Wiki mbili zikitimia, wakae pamoja wayasome maswali yote kumi na manne, wayafute yasiyopimika, na libakizwe moja.

Kisha mtoto alipeleke swali hilo kwa mwalimu wake wa sayansi na kuuliza mambo matatu: skuli yetu imo katika mashindano ya kanda gani, tarehe ya mwisho ya kusajili ni lini, na swali langu linahitaji idhini kabla ya kuanza? Majibu ya mambo hayo matatu yaandikwe katika ukurasa unaofuata wa daftari lile lile. Na siku yenyewe ikifika, hata kama mzazi atabaki nje ya ukumbi, aende. Milango hufunguliwa baadaye kwa familia, na mtoto atapenda kumweleza mama yake, kwa Kiswahili, yale aliyowaeleza wageni kwa Kiingereza.